Alama 135 Ambazo Wanafunzi Hawazidurusu

Chukua kalamu ujumlishe. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, kina karatasi tatu: ya kwanza alama 60, ya pili 80, ya tatu 60. Jumla 200. Sasa tafuta zinazotoka kwenye vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi vilivyopangiwa mtihani. Dondoo la karatasi ya pili, yaani kipande cha kitabu teule chenye maswali, lina 25, na insha mbili za karatasi ya tatu zina 20 kila moja. Hizo ni 65 tu. Nyingine 135 zinatoka kwingineko: ufahamu 20, ushairi au fasihi simulizi 20, sarufi 15, uandishi wa kiuamilifu (barua, baruapepe na kadhalika) 20, kujaza mapengo 10, stadi za kuzungumza 30, insha ya kubuni 20.

Pita basi karibu na darasa la kidato cha nne muhula wa tatu usikilize kinachodurusiwa. Ni maudhui ya riwaya, sifa za wahusika wa tamthilia, kisha maudhui tena. Kiingereza kinadurusiwa kana kwamba ni Historia. Mwanafunzi anafungua mwongozo, anapiga mistari kwa kalamu ya rangi, anageuza ukurasa. Wengine hukaa na karatasi za mitihani ya mwigo kutoka kaunti kumi, lakini huzisoma huku majibu yakiwa wazi pembeni. Ukiliona jibu kabla hujalitafuta, utadhani ulilijua. Kwa maoni yangu, kipindi cha dakika 40 cha kudurusu Kiingereza kisichokuwa na angalau dakika 25 za kuandika ni kipindi kilichopotea. Dakika 15 zinazobaki ni za kusahihisha, na asahihishe mwenzake kwanza, mwalimu baadaye.

Tuanze na kujaza mapengo, maana hapo ndipo juhudi ndogo inapozaa alama haraka. Kuna mapengo kumi, alama moja kila pengo, neno moja tu. Ukiandika maneno mawili umepoteza. Ukikosea tahajia umepoteza. Pengo likiwa mwanzoni mwa sentensi nawe ukaandika kwa herufi ndogo, umepoteza hata kama neno ni sahihi. Wengi hujaza pengo la kwanza kabla ya kusoma kifungu hadi mwisho, na pengo la tisa huja kuwaumbua. Huhitaji kununua kitabu cha mazoezi. Kata aya ya maneno kama 120 kwenye tahariri ya gazeti, uinakili ukiacha mapengo kumi: vihusishi vitatu, viunganishi viwili, kibainishi kimoja cha aina ya "a" au "the", kiwakilishi kimoja, na vitenzi au nomino tatu. Wanafunzi wawili wawili watengenezeane. Anayechagua neno la kuondoa hujifunza zaidi ya anayelijaza, kwa sababu lazima ahakikishe kwamba neno lile moja tu ndilo linaloingia. Wafundishe pia kutazama alama za uakifishaji. Pengo linaloanza sentensi na kufuatwa na koma huenda likataka "However". Lisilofuatwa na koma, na sentensi ina vishazi viwili, huenda likataka "Although". Koma hiyo moja huwaponza wengi.

Stadi za kuzungumza zina alama 30, nyingi kuliko dondoo la tamthilia, na bado huachiwa wiki ya mwisho. Maswali ya matamshi huwakwaza wanafunzi wetu kwa sababu inayoeleweka. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi hauhamishi akija kwenye Kiingereza. Kumbe "record" ikiwa nomino huwekewa mkazo mwanzoni, na ikiwa kitenzi mkazo huenda mwishoni. Vilevile "bird", "bad" na "bud" hutamkwa na wengi wetu kwa irabu moja. Mtu akiulizwa ni neno gani linalotamkwa sawa na "bury", hawezi kufikia "berry" ikiwa maisha yake yote amesikia "bari". Dawa ni kutamka kwa sauti darasani, maneno kumi kila siku, kamusi ikiwa wazi kwenye ukurasa wenye alama za matamshi. Kusoma orodha kimya hakusaidii chochote.

Swali la kughani shairi lina hila yake. Ukiulizwa ungeusema vipi mstari fulani, ukijibu "ningepaza sauti" umetoa nusu ya jibu. Nusu ya pili ni sababu: ningepaza sauti kuonyesha hasira ya msemaji. Ni vivyo hivyo kwa ishara za mkono na za uso.

Uandishi wa kiuamilifu sitauchukulia muda mrefu, kwa kuwa unajulikana. Tatizo ni kuchanganya miundo. Barua rasmi ina anwani mbili, ya rafiki ina moja, na baruapepe haina anwani ya posta hata moja ila huhitaji sehemu ya mpokeaji na ya mada. "Yours faithfully" huenda na "Dear Sir/Madam". Umtajapo mtu kwa jina, funga kwa "Yours sincerely". Andika mifupa ya kila muundo kwenye kadi, bila maudhui, uitoe kichwani mara mbili kwa wiki. Imetosha.

Ufahamu una mtego mmoja mkubwa: swali la muhtasari. Wakikuambia uandike kwa vidokezo ukaandika sentensi kamili, utakatwa. Sarufi nayo hurudia mambo yaleyale mwaka baada ya mwaka. "No sooner" hufuatwa na "than", na "hardly" hufuatwa na "when". Kila mara kuna atakayeyabadilisha. Daftari la makosa lenye safu tatu (nilichoandika, kilicho sahihi, kwa nini) hufaa kuliko kitabu kizima cha sarufi, kwa sababu lina makosa ya mwenyewe.

Sasa vitabu teule, ambavyo sisemi viachwe. Nasema vidurusiwe kwa namna nyingine. Chukua *A Doll's House* ya Henrik Ibsen, iliyokuwa tamthilia ya lazima miaka ya nyuma. Tuseme dondoo ni pale Krogstad, mkopeshaji, anapomwonyesha Nora, mhusika mkuu, kwamba babake Nora alifariki Septemba 29, ilhali sahihi ya baba huyo kwenye hati ya mkopo ina tarehe ya Oktoba 2. Swali linataka kilichotokea papo hapo kabla ya dondoo na papo hapo baada yake. Mwanafunzi wa mwongozo ataandika: "Nora alikopa pesa ili mumewe apelekwe Italia kutibiwa." Ni kweli, lakini hilo lilitokea miaka mingi kabla pazia halijafunguliwa, kwa hiyo halimpi alama. Kinachotakiwa ni kwamba Krogstad amekuja kumtaka Nora amwombee kwa mumewe, Torvald, asifutwe kazi benki. Baadaye Krogstad anaondoka akiwa ametoa vitisho, na Torvald anarudi akiuliza kama kuna mtu aliyekuja. Jambo hilo huwezi kulipata kwenye muhtasari wa kurasa tatu. Unalipata kwa kuifungua tamthilia yenyewe, kuweka kidole popote, na kusema kwa sauti: kabla ya hapa nini, baada ya hapa nini. Mifunguo mitano ya namna hiyo haichukui nusu saa.

Sifa za wahusika nazo zina kanuni. Sifa ni neno moja la kueleza, halafu ushahidi kutoka kwenye dondoo. "Nora anadanganya" si sifa. "Nora ni mdanganyifu, anamwambia Torvald hajala biskuti tamu (macaroons) ilhali amezila na kuzificha" ni jibu kamili. Ushahidi utoke ndani ya dondoo ulilopewa. Wengi hutoa tukio zuri sana la sehemu ya tatu ya tamthilia na kuambulia patupu.

Insha ya kitabu teule husahihishwa hivi: utangulizi alama 2, hoja nne zenye alama 3 kila moja, hitimisho 2, lugha 4. Ukijua hivyo, unajua pia kwamba hoja ya tano haikuongezei kitu, na hoja moja iliyokosekana inakugharimu 3. Kila aya ianze na hoja, ifuatwe na tukio mahususi lenye jina la mhusika na mahali, kisha irudi kwenye maneno ya swali. Anayesimulia hadithi kwa ukurasa mzima bila kurudi kwenye swali hajajibu swali, hata kama Kiingereza chake kinateleza.

Insha ya kubuni ina mipaka ya maneno 450. Mwanafunzi ahesabu mara moja tu maneno anayoandika kwa mstari. Akiandika tisa, mistari 50 ndiyo mwisho wake, na hatapoteza tena muda kuhesabu. Utangulizi wa kukariri, ule wa jua kuchomoza na ndege kuimba, uachwe kabisa. Wasahihishaji wameuona mno, na mara nyingi hauhusiani na sentensi ambayo mwanafunzi amepewa aanzie au amalizie.

Jambo la mwisho ni saa. Karatasi ya tatu ina dakika 150 kwa maswali matatu yenye alama sawa, yaani 50 kila moja. Wengi huanza na insha ya kubuni, huinogea hadi dakika 80, kisha insha ya kitabu cha hiari, yaani kitabu teule ambacho si cha lazima, inapata dakika 20 na hoja mbili. Hoja mbili zilizokosekana ni alama 6, na hitimisho lisiloandikwa ni 2 nyingine. Mimi ningewazoesha kuanza na maswali ya vitabu, wakiwa na saa mezani tangu mazoezi ya muhula wa pili. Hadithi ya kubuni unaweza kuifupisha kwa aya moja na bado ikasimama, lakini hoja ambayo haikuandikwa haina mtu wa kuisahihisha.