Yalumba: ukoo uliokataa kugawana shamba

Mtu akiniuliza aanze na waini gani ya Australia huwa sitaji chupa kwanza, nataja ukoo. Yalumba, pale Angaston kwenye bonde la Barossa, jimbo la South Australia. Ni kiwanda cha familia tangu 1849 na mpaka leo kiko mikononi mwa familia ileile, ukoo wa Hill-Smith, hawajamezwa na kampuni kubwa, hawajaenda kuuza hisa sokoni. Na msimamo wangu ni huu, najua kuna watakaobisha: kwenye waini, familia inayomiliki mali yake yenyewe inaweza kusubiri, na matunda ya kusubiri huko mnywaji anakuja kuyaonja kwenye glasi, hata kwenye chupa ya bei ya chini. Kama wewe hunywi pombe kabisa endelea tu kusoma, maana nusu ya habari hii ni habari ya urithi na hiyo inatugusa wote.

Mwanzilishi alikuwa Samuel Smith, mtengeneza bia kutoka Dorset, Uingereza, akafika South Australia 1847 na mke na watoto. Miaka miwili baadaye akanunua ekari 30. Mchana kibarua kwa tajiri wa eneo lile, Angas, usiku yeye na kijana wake Sidney wanapanda mizabibu kwa mwanga wa mwezi, ndivyo historia yao inavyosimuliwa. 1852 dhahabu ikapatikana kule jimbo la Victoria, Samuel akaenda kuchimba kama wengine, akarudi na kama paundi 300, na hela yote ikaishia shambani: ekari 80 zaidi, plau, na farasi wawili wa kuivuta. Hapo ndo nampendea huyu mzee.

Sasa kuanzisha ni kitu kimoja, kuvuka vizazi ni kitu kingine kabisa. Oktoba 1938 ndege ya abiria iliyokuwa inatoka Adelaide kwenda Melbourne, jina lake Kyeema, iligonga mlima Dandenong kwenye ukungu na wote 18 waliokuwemo wakafa. Ndani yake walikuwemo wakuu watatu wa familia za waini za South Australia, mmoja ni Sidney Hill Smith wa Yalumba (sio yule Sidney wa mwanga wa mwezi), wengine Hugo Gramp na Tom Hardy. Hebu fikiria, siku moja nyumba tatu za waini zinapoteza vichwa vyao. Pale Yalumba usukani akashika mdogo wake, Wyndham, na kazi ikaendelea. Mi huwa nasema biashara nyingi za familia zinakufa siku ya msiba, sio kwa kukosa hela, ni kwamba hakuna aliyekuwa ameandaliwa wala aliyekubaliwa na wenzake.

Halafu kuna kifo cha pili ambacho hakina msiba, ndo kibaya zaidi. Vizazi vinne vitano vikipita wenye hisa wanakuwa wengi, huyu yuko mjini hajawahi kushika mkasi wa kupogolea, yule ana ada za watoto, mwingine anataka tu gawio lake la mwaka huu, na wote wana haki. Sisi tunaijua hii vizuri, shamba la babu la ekari 10 linagawanywa kwa watoto sita, watoto wanawagawia wajukuu, mwisho kila mtu ana kiwanja cha kujenga chumba na sebule na shamba halipo tena. Yalumba walifika hapo hapo miaka ya 1980. Walichofanya ni kwamba 1989 Robert Hill-Smith, kizazi cha 5, pamoja na ndugu yake Sam wakanunua hisa za ndugu wengine. Hawakukata shamba vipande, hawakumwita tajiri wa nje. Waliotaka kutoka wakalipwa wakatoka, waliobaki wakabaki na kitu kizima na mzigo wa deni.

Na deni lile lilikuwa na maana. 1993 wakauza biashara yao ya waini nzito zilizoongezewa pombe, zile za staili ya port, wakaiuzia kampuni ya Mildara Blass. Ujue hizo ndo zilizokuwa zimewalisha kwa miongo mingi, majina kama Galway Pipe yalikuwa kwenye kabati la kila mzee. Wameuza kilichowafanya wajulikane ili wabaki na kile walichoamini kitakuja, waini ya mezani, yaani ile ya kawaida isiyoongezewa pombe. Kwa mtazamo wangu huu ndo uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye historia yao, mkubwa kuliko hata ule mwanga wa mwezi ambao kila mtu anapenda kuusimulia.

Twende kwenye chupa zenyewe, na naanza na Viognier kwa sababu hapo ndo nilipokamatwa mimi. Hii ni zabibu nyeupe ya bonde la Rhône kule Ufaransa, na kufika miaka ya 1960 ilikuwa imebaki hekta chache tu, karibu ipotee kabisa. Mwaka 1980 Yalumba wakapanda hekta 1.2 kule Eden Valley, kwenye vilima juu ya Barossa. Hakuna aliyekuwa anaiulizia kule Australia, watu hawakuweza hata kulitamka jina. Isitoshe ni zabibu msumbufu, sukari inapanda lakini harufu na ladha vinachelewa, ukiona kipimo cha sukari kiko sawa ukavuna basi umevuna maji ya zabibu tu, inabidi uisubiri uingie mpaka kwenye joto la mwisho huku moyo unadunda. Walichukua miaka kuielewa, na kazi kubwa ya kuielewa imebebwa na Louisa Rose, ambaye 2006 alifanywa mkuu wa watengenezaji waini pale. Jiulize, ni meneja gani anayepeleka ripoti kwa wenye hisa kila miezi mitatu angeruhusiwa kukaa na zabibu isiyouzika miaka yote hiyo? Angeshang'olewa yeye na mizabibu yake.

Leo Viognier wanayo kwa ngazi. Chini kabisa iko Y Series, ya bei ambayo mfanyakazi wa kawaida Australia anaimudu jioni ya Ijumaa, katikati iko ya Eden Valley, juu kabisa The Virgilius. Ninachotaka mtu akione ni kwamba ile ya chini sio makapi ya ile ya juu. Fungua Y Series Viognier ikiwa ya baridi lakini isiwe ya barafu, ukiipoza sana unaiziba pua. Inanukia aprikoti na maua, kwa mbali tangawizi mbichi, na mdomoni ina uzito fulani kama mafuta mepesi, haichomi wala haina ule ukali wa ndimu wa waini nyingi nyeupe. Kwa kuku wa nazi mi sijaona mpinzani wake. Tui linameza waini nyingi nyeupe zikawa kama maji, hii inasimama nalo.

Kwa nyekundu kuna The Signature, zabibu mbili nyekundu, Cabernet Sauvignon na Shiraz, pamoja, mchanganyiko ambao Waaustralia wanauona ni wao hasa. Mbegu ya hii ni waini yao ya 1961 ambayo Robert Menzies, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia miaka mingi, aliisifu kwamba ni waini bora ya Australia aliyowahi kuionja. Lakini sifa za mwanasiasa sio kinachonigusa. Tangu mavuno ya 1962 kila toleo linatolewa kwa heshima ya mtu aliyetoa mchango wake pale Yalumba, na saini yake inachapwa kwenye lebo. Sio jina la mwenye mali peke yake, anaweza kuwa fundi wa mapipa, mtu wa shambani, muuzaji. Chupa ambayo watu wanaihifadhi miaka 20 ina mwandiko wa mfanyakazi. Kwangu hiyo inasema mengi kuhusu familia kuliko picha za babu ukutani.

Mapipa nimeyataja, basi niseme kwamba wana karakana yao wenyewe ya kutengeneza mapipa, kitu ambacho viwanda vingi viliacha zamani kwa sababu ni gharama. Mbao zinakaa nje miaka zinapigwa jua na mvua kabla hazijaguswa. Shiraz yao kubwa, The Octavius, inakomazwa kwenye vipipa vidogo vya takriban lita 100 na zabibu zake ni za mizabibu mikongwe. Ni nzito kwelikweli, na ukiifungua mapema mbao zinakuwa zinapiga kelele kuliko tunda, kwa hiyo kama huna subira usipoteze hela zako hapo.

Mizabibu mikongwe ndo hoja yangu ya mwisho nzito. South Australia mpaka leo haijaingiliwa na filoksera, yule mdudu wa mizizi aliyemaliza mashamba ya Ulaya karne ya 19, ndo maana Barossa kuna mizabibu ya zaidi ya miaka 100 iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe. Mdudu hakuja, ila miaka ya 1980 binadamu ndo alikuja. Zabibu zilizidi, bei ikaanguka, serikali ikalipa wakulima wang'oe, na kilichong'olewa kwa wingi ni ile mizee isiyokuwa kwenye fasheni, Shiraz na Grenache. Mkulima wa zabibu Dodoma anayehangaika na soko anaelewa vizuri mtu aliyechukua ile hela, simlaumu. Ila iliyobaki ilibaki kwa ubishi wa familia. Yalumba wana shamba la Grenache lililopandwa 1889, limegusa karne tatu, ya 19, ya 20 na ya 21, na 2007 walitoa utaratibu wao wa kuipa mizabibu madaraja kwa umri, miaka 2 baadaye Barossa nzima ikawa na hati ya namna hiyo: kuanzia miaka 35, halafu 70, 100, na 125 kwenda juu.

Mtu atasema familia nazo zinaanguka, na ni kweli. McWilliam's, ukoo wa waini tangu 1877, na walikuwa kwenye kile chama cha familia 12 za waini za Australia kilichoanzishwa 2009 pamoja na Yalumba, Januari 2020 waliingia kwenye usimamizi wa ufilisi. Damu peke yake haitoshi. Ila angalia nani alinunua jina na kiwanda chao cha Hanwood, ni familia ya Calabria, wahamiaji wa Kiitaliano walioanza mji wa Griffith 1945. Familia imeokota kilichoangushwa na familia.

Basi kama una hela ya chupa moja anza na Y Series Viognier. Ukiongeza bajeti usirukie Octavius, pitia kwanza ile Grenache yao ya mizabibu isiyofungwa kwenye waya, ni nyepesi kwa rangi, ina utamu wa matunda na viungo, na kwa nyama ya kuchoma inaelewana haraka. Na ukikutana na Riesling, waini nyeupe, ya Pewsey Vale, shamba lao lingine kule Eden Valley, nunua mbili. Hii waliifunga kwa kifuniko cha kuzungusha tangu miaka ya 1970, wanunuzi wakakataa, wakalazimika kurudi kwenye vizibo, na ilipofika 2000 nchi nzima ikaanza kuhamia kwenye kifuniko kilekile. Moja kunywa sasa ikiwa na ukali wake wa ndimu, nyingine ilaze mahali pa giza miaka mitano au zaidi.