Daraja la kwenye kompyuta na daraja la Kiyegeya

Poly Bridge ni gemu la kujenga madaraja lililotolewa na Dry Cactus mwaka 2016. Unapewa bonde, bajeti, mbao, chuma, kamba na vipande vya barabara, kisha uvushe magari. Ukikosea, daraja linapinda, linakatika, basi linadumbukia majini huku gitaa likiendelea kulia taratibu. Lazima ucheke.

Jirani yangu hapa Area C, Dodoma, ana vijana wawili waliozama humo. Aliniuliza kama wanapoteza muda. Nilimjibu hapana, na bado nasema hapana, ingawa gemu lina tundu kubwa ambalo kwa watu wa huku si dogo hata kidogo.

Kwanza haki yake. Mtoto akiunga mbao nne kuwa mraba, anauona ukilala ubavu bila hata ubao mmoja kuvunjika. Akiongeza mshazari, anapata pembetatu, nayo haiwezi kubadilika umbo mpaka upande mmoja urefuke au ufupike. Anaona pia kipande kinavyobadilika rangi kuelekea nyekundu kadiri kinavyoelemewa. Mambo hayo ubaoni huchukua vipindi kadhaa na wengi hawayashiki. Hapa anaanguka mara ishirini, anacheka, anarudia, na hakuna aliyeumia. Sijui darasa linalovumilia makosa kiasi hicho.

Lakini ndani ya gemu hilo ncha za kushikilia daraja hazisogei kamwe. Kingo ni imara milele, na mzigo unaopimwa ni gari na uzito wa daraja lenyewe. Kwetu adui ni maji. Dodoma hupata milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na korongo lililokuwa mchanga mkavu asubuhi linaweza kushuka na mafuriko jioni. Maji hayo hayavunji boriti. Yanafukua udongo chini ya msingi, yanakula tuta la barabara nyuma ya ukuta unaobeba ncha ya daraja, na daraja linabaki halina pa kukalia. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, lilikatika kwa mvua, na magari ya barabara ya Morogoro hadi Dodoma yakakwama pande zote mbili. Hakuna pembetatu ambayo ingeliokoa.

Kuna jingine linalonikera zaidi. Gemu linakuhesabia ushindi gari likifika tu kwenye bendera, hata daraja likiporomoka nyuma yake. Kijana akizoea kipimo hicho, atajifunza kubana bajeti hadi mwisho, wakati mhandisi hulipia uimara wa ziada kwa ajili ya siku asiyoitarajia.

Kwa hiyo sikumshauri jirani awanyang'anye kompyuta. Tumekubaliana kwamba mvua zikianza, Jumamosi moja tutawapeleka kwenye kalavati la karibu, maji yakishapungua, waone upande wa kutokea maji jinsi shimo lilivyochimbika, na wapime kina chake kwa fimbo.