Eabrashi kwanza au kompresa kwanza? Kwa sisi wa Arusha na Moshi

Mtu akitaka kuanza kupuliza rangi kwenye modeli kwa eabrashi, yaani kile kibunduki kidogo cha rangi kinachotumia upepo wa kompresa, iwe ni ndege ya plastiki ya kuunganisha ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) au basi alilolitengeneza mwenyewe kwa maboksi na PVC, swali la kwanza huwa ni "ninunue eabrashi gani?" Hapo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema hela yote iweke kwenye eabrashi, tafuta Iwata au Harder & Steenbeck, upepo ni upepo tu hata ukiuchukua kwa fundi pancha. Na kuna wanaosema eabrashi ya kichina inatosha kuanzia, hela nzito ipeleke kwenye kompresa. Wote wana hoja. Ila kwa mtu anayeishi huku kwetu mimi nasimama zaidi na hawa wa pili, na sababu zangu nyingi hata hazihusu eabrashi yenyewe, zinahusu umeme wetu, mvua zetu na huu mwinuko tunaoishi.

Kwanza tukubaliane kwanini tunahangaika na haya mashine wakati brashi ya mkono ipo. Rangi ikikaa na unene wa milimita 0.1 kwenye ndege ya 1/72, kwa ukubwa halisi ni sawa na rangi ya milimita 7 kwenye bodi. Ndio maana modeli ya ndege ya Q400 ya Air Tanzania ukiipaka ule weupe kwa brashi, mistari ya paneli inazibwa na mkia wenye twiga unaonekana mzito mzito. Rangi nyeupe ndio ngumu kuliko zote, inataka tabaka jembamba jembamba nyingi, na tabaka jembamba linataka upepo usioyumba. Hapo ndipo kompresa inapoingia, kwasababu eabrashi yenyewe haina nguvu yoyote, inapokea tu kile inacholetewa.

Sasa mwinuko. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 85 ya ule wa Dar au Tanga. Moshi wako chini kidogo, mita 800 na kitu, wao kama asilimia 90. Kompresa iliyoandikwa lita 23 kwa dakika ikifika hapa bado inavuta lita zile zile lakini za hewa nyepesi, ukipiga hesabu ya pwani unabaki na 19 au 20 hivi. Eabrashi ya sindano ya 0.3 (yaani tundu la kutolea rangi ni milimita 0.3) inakula kama lita 10 mpaka 15 kwa dakika kwenye presha ya bar 1 hadi 1.5, kwahiyo kazi inakwenda, ila ile nafasi ya ziada unayoisoma kwenye boksi haipo yote. Ukiweka sindano ya 0.5 ili upulize ubavu wa basi la 1/24 kwa mkupuo mmoja, kompresa ndogo inafanya kazi bila kupumzika mpaka inachemka.

Hiyo kompresa ndogo ninayoisema ni ile aina ya AS-186, inauzwa kwa majina mengi ila ni ile ile, pistoni moja isiyotumia oili, mota ya hospawa 1/6, na mtungi wa lita 3. Inazima ikifika bar 4, inawaka tena ikishuka bar 3. Sitaki kuisema vibaya maana kwa mtu aliyepanga chumba ni mashine ya heshima kabisa. Haipigi kelele, unaweza kuiwasha saa tatu usiku Ngarenaro na jirani wa ukuta mmoja asijue. Inatumia wati 120 na kitu, kwahiyo hata inveta ndogo ya sola inaiendesha. Na inakuja na regulata (ya kupunguza na kuongeza presha) pamoja na kichujio cha maji, tena geji yake ya kusomea presha ni ya kiwango kidogo unaweza kuona tofauti ya bar 1 na bar 1.2 bila kukisia. Kwa mtu anayepaka ndege moja ya 1/72 kwa mwezi sioni cha kumlaumu akiishia hapo.

Shida zake zinaanza umeme ukikatika na mvua zikianza.

Umeme ukikatika katikati ya koti (tabaka moja la rangi), mtungi wa lita 3 kutoka bar 4 kushuka hadi 1.2 unakupa lita nane na kidogo za upepo. Ni nusu dakika mpaka sekunde hamsini, imeisha, na rangi iko mbichi nusu ubavu. Chukua sasa kompresa ya mtungi wa lita 24, zile za hadiweya zinazojaa mpaka bar 8. Kutoka bar 8 kushuka 1.5 ni lita 156 za upepo, eabrashi ya 0.3 inapuliza dakika kumi na ushee bila umeme wowote. Dakika kumi za kubonyeza kitufe ni nyingi sana kwenye modeli ndogo, kwasababu muda mwingi wa kupaka modeli unaenda kwenye kugeuza, kusubiri na kuchanganya, sio kupuliza. Na hii inajibu hata lile suala la kelele, unajaza mtungi saa kumi jioni watoto wakiwa nje wanacheza, unafunga valvu, usiku unapuliza kimya kabisa. Wanaosema kompresa ya hadiweya haifai ndani ya nyumba kwasababu ya makelele huwa wanaipima kama vile lazima iwake muda wote unaofanya kazi.

Kuhusu maji, hapa ndipo nadhani wengi tunalaumu eabrashi bure. Hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa inaachia maji. Masika ya Machi mpaka Mei, na ile baridi ya Juni na Julai ambayo Arusha inaamkia mawingu na manyunyu, hewa tayari ina unyevu mwingi. Kompresa ndogo inasukuma hewa ikiwa bado ya moto, haijapata muda wa kupoa kwenye ule mtungi mdogo, kwahiyo inapoa ndani ya mpira na maji yanatokea huko huko, baada ya kichujio. Unachoona wewe ni tone dogo linaruka kutoka kwenye nozo (kile kitundu cha mbele cha eabrashi), linatua kwenye rangi mbichi, linafungua kiduara mpaka praima, ile rangi ya kutangulizia, inaonekana chini. Mtu anavua sindano, anasafisha, anabadilisha oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji), anarudia, kiduara kingine. Eabrashi haina kosa lolote pale. Mtungi mkubwa unaipa hewa muda wa kupoa na maji yanabaki chini, unafungua kile kibomba cha chini ukimaliza kazi unayaona yanatoka na rangi ya kutu. Usipoyatoa mtungi unaoza kwa ndani, na huo ni mtungi wenye bar 8 uko karibu na miguu yako. Kichujio cha pili kidogo ukifunge karibu na mkono wako, mwisho wa mpira, sio kule kwenye kompresa tu.

Ila nisiipambe hii kubwa kupita kiasi, ina matatizo yake na mtu ayajue kabla hajatoa hela. Geji yake inaenda mpaka bar 12 hivi, sasa wewe unataka 1.2, mshale ndio kwanza umeanza kunyanyuka kutoka kwenye sifuri na kila alama ni nusu bar au bar nzima. Huwezi kupaka kamaflaji (yale mabaka ya kijeshi) laini kwa geji hiyo. Lazima uongeze regulata ndogo ya pili, ya bar 0 mpaka 4, hiyo kubwa unaiacha kwenye bar 3 na hii ndogo ndio unachezea. Pia viunganishi vya gereji ni vya robo inchi na eabrashi nyingi za Japani na China zinatumia nyuzi za 1/8, unahitaji adapta, na ukinunua eabrashi za Badger au Paasche jua kabisa nyuzi zao ni tofauti na hizo. Halafu mota ya hospawa 2 inataka umeme wenye nguvu wakati wa kuwaka. Jioni umeme ukiwa mdogo inanguruma bila kuzunguka, ukiiacha hivyo unaunguza kapasita au mota yenyewe, na inveta ya kawaida haiinyanyui. Wanaoogopa luku hapo nawatoa wasiwasi, kilowati moja na nusu kwa robo saa ya kujaza haifiki hata nusu yuniti. Siku hizi kuna zile za lita 24 zisizotumia oili na zenye kelele ya chini, mota ni ndogo kuliko za gereji, kama bajeti inafika hiyo ndio ningemwambia ndugu yangu achukue.

Watu wengine wanatengenezewa na fundi friji, kompresa ya friji pamoja na mtungi wa zima moto uliokwisha. Ni kimya kweli na bei rahisi. Ila inarusha oili kwenye upepo, na nyingi nilizoziona hazina swichi ya kuzima yenyewe wala valvu ya usalama, na kompresa ya friji ina uwezo wa kusukuma presha kubwa sana bila kuchoka. Bila hivyo vitu viwili mimi siwezi kumshauri mtu alale nyumba moja na hicho kitu.

Turudi kwenye eabrashi sasa, maana upande wa kwanza una hoja nzito na sitaki kuipita juu juu. Wanasema anayeanza na eabrashi mbovu hajui kosa ni lake au la mashine. Hiyo ni kweli. Eabrashi ya kichina ya dola 20 au 30 inaweza kuja na sindano yenye mikwaruzo ncha haijanyooka, rangi inatema pembeni, na mgeni anadhani mkono wake ndio mbaya. Tena nyingi zina kile kinozo kidogo sana chenye nyuzi, kinafungwa kwa kispana cha kwenye boksi, ukikaza kidogo tu zaidi kinakatika na kipande kinabaki ndani ya mwili wa eabrashi, kukitoa ni kazi ya sonara. Iwata Eclipse HP-CS ya 0.35 na Harder & Steenbeck Evolution hazina hiyo shida, nozo zao zinakaa zenyewe bila nyuzi wala spana, unavua, unasafisha, unarudisha. Kwa hilo peke yake zinastahili bei zao za zaidi ya dola 100.

Na kuna suala la rangi. Sisi huku rangi maalumu za modeli kama Tamiya na Vallejo mpaka uagize, kwahiyo wengi tunatumia rangi ya gari iliyochanganywa dukani na tina kali. Hiyo tina inavimbisha oringi za mpira kwenye eabrashi za bei rahisi, zikivimba upepo unavuja na kitufe kinakuwa kizito. Eabrashi nzuri zinatumia sili za tefloni ambazo tina haizigusi. Tina hiyo hiyo inayeyusha plastiki ya modeli ukipuliza koti zito, anza na praima na vumbi vumbi jembamba, changanya mpaka iwe kama maziwa. Na zile rangi za gari zenye hadina (kikazishi cha kuchanganya) yake pembeni ziacheni kabisa kwenye chumba cha kulala, zina isosianeti inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa tina, inatakiwa ile ya vichujio vya mkaa pembeni.

Kwahiyo kwanini bado nasema kompresa kwanza? Kwasababu Iwata ya dola 150 ikipewa upepo wenye maji unaoyumba yumba inatema vile vile kama ya dola 20, wakati eabrashi ya dola 25 yenye kikombe juu, ya kubonyeza chini upate upepo na kuvuta nyuma upate rangi, sindano 0.3, ukiipa upepo mkavu uliotulia na ukaisugua ncha ya sindano kwa msasa wa 2000 wenye maji taratibu, inapaka rangi ya msingi na hata kamaflaji ya 1/35 vizuri tu. Kompresa nzuri utakaa nayo hata ukibadilisha eabrashi. Pale ninapokubali kushindwa ni kwa mtu wa chumba kimoja anayepaka vitu vidogo tu, huyo achukue ile AS-186, kiasi kinachobaki akiweke kwenye eabrashi nzuri, na miezi ya masika apulize mchana jua likitoka.

Siku ukinunua hiyo eabrashi ya bei, agiza sindano na nozo ya spea kwenye mzigo ule ule. Ikidondoka sakafuni itatangulia ncha, na sijaona duka Unga Limited wala Moshi mjini linalouza sindano yake, utakaa wiki kadhaa ukisubiri kifurushi wakati modeli iko mezani na praima tu.