Mchawi asipoachia wenzake kazi

Kundi la vijana wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, kama mchawi au mpiganaji, huku Shangani, Mtwara, limegawanyika kwa swali moja: ni haki mhusika mmoja awazidi wenzake nguvu?

Mchezo ulipotoka Marekani mwaka 1974, watunzi wake Gary Gygax na Dave Arneson walimtoza mchawi mapema gharama ya nguvu zake za baadaye. Alianza dhaifu, akiwa na uchawi mmoja kwa siku, na kufika ngazi ya pili alihitaji pointi 2,500 za uzoefu, mpiganaji 2,000. Wanaoutetea utaratibu huo wanasema nguvu iliyongojewa ina utamu wake, na hadithi haidai watu walingane. Ni kweli. Ila kundi likivunjika mapema, mchawi ameteseka bure. Likidumu, mchawi anawazidi wenzake, na zamu ya kuteseka ni ya mpiganaji.

Toleo la mwaka 2014 liliwapa wote pointi sawa, pengo likabaki. Hawa wa Shangani waliiweka hadithi yao kwenye magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Wakiwa ngazi ya tano, mchawi akarusha tufe la moto: majeraha ya dadu nane za pande sita kwa kila adui aliyekuwa ndani ya duara. Mpiganaji akapiga mapigo yake mawili, akamjeruhi mmoja aliyesalia, akarudi kwenye simu yake. Kisha wahusika wakalala kwa muda wa saa nane na mchawi akaamka na uchawi wote.

Toleo la mwaka 2008 lilijaribu kusawazisha kwa kumpa kila mmoja mbinu za kutumia kila mara, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku. Wengi walilalamika kwamba wahusika wamefanana. Mimi naona walilisakama kupita kiasi, maana humo mpiganaji aliweza kumbana adui asiwafikie wenzake, na hiyo ni kazi ya maana kabisa.

Sitafuti majeraha yalingane. Ninachotaka ni zamu ya kila mtu ibadilishe kitu. Mwongozaji, yaani anayesimulia hadithi, anaweza kuwanyima usingizi huo unaorudisha uchawi: maji yanakupwa, jahazi litakwama, na mapambano matatu bado. Lakini si haki kumwachia yeye mzigo wote. Mchawi anaruka na kufungua milango. Mpiganaji nje ya vita hana lake. Kanuni za mwaka 1978 zilimruhusu mpiganaji wa ngazi ya tisa kujenga ngome na kupata askari. Mimi ningemrudishia watu hao mapema, hata ngazi ya tano: mabaharia wa Kilwa wanaomtii yeye, si mchawi.