Mama Mdogo Hayumo Kwenye Fomu

Simu ilinikuta kwenye foleni ya daladala, Buguruni. Baba mdogo hakuzunguka. "Mama yako ametutoka," akasema, kisha akakata, maana yeye ni mtu wa kukata simu hata siku ya harusi.

Kesho yake nilikwenda kwa afisa utumishi kuomba ruhusa ya msiba. Akaniuliza nani amefariki, nikajibu mama. Akafungua faili langu, akatazama jina la mama mzazi, akatazama na jina nililoandika kwenye fomu, halafu akanitazama mimi kama mwizi wa kuku. Nikamfafanulia: huyu ni mama mdogo, mdogo wake mama, wa Kigoma.

"Aah," akasema. "Basi si mama."

Hilo "basi" bado limenikwama kooni.

Kosa si lake peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama mdogo hayumo. Baba mkubwa, shangazi, mjomba, wote hawamo. Ukiisoma orodha hiyo utadhani iliandikwa kwa ajili ya watu wa nyumba ya vyumba viwili na mbwa mmoja. Siku zangu zikakatwa kwenye likizo ya mwaka, nikapanda basi la Kigoma. Njia nzima nilikuwa nagombana na yule afisa kichwani, na kila mara nilimshinda.

Nilihamia kwa Mamdogo, Kibirizi, nilipoanza kidato cha kwanza, nikitokea Kasulu. Nilikuta watoto watano. Wawili wa kaka yake Baba mdogo, mumewe, wawili wa dada mwingine wa mama na Mamdogo, na mmoja wa jirani, aliyetumwa kuazima kiberiti akabaki miaka minne. Wa kuzaa mwenyewe hakuwa naye.

Aliuza dagaa. Siku za giza, maboti yakiwa yamekesha ziwani na taa zao, alfajiri yeye yuko ufukweni na ndoo, na sisi nyuma yake tunapiga miayo. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, nasi tulilala mpaka jua litoke. Kazi yetu kabla ya shule ilikuwa kuanika, kugeuza na kufukuza kunguru. Wenzake wengi walianika mchangani. Yeye alitaka chanja tu. "Mteja amenunua dagaa," alikuwa akisema, "hajanunua ufukwe." Mpaka leo nikila dagaa wenye mchanga namsikia.

Msibani watu walisema marehemu alikuwa mpole. Jamani, hakuwa mpole. Ukichelewa kurudi, jina lako liliitwa kwa sauti ya kusikika Kongo, ng'ambo kule milima inakoonekana siku isiyo na ukungu. Ila ukifika, sahani yako imefunikwa: ugali wa muhogo, dagaa wa mawese, na kipande cha pilipili pembeni kwa anayependa. Alijua nani anapenda. Tulikuwa sita na hakuwahi kukosea.

Baba mdogo ni fundi wa maboti ya mbao, mtu wa maneno machache na misumari mdomoni. Jioni Mamdogo alimpelekea chupa ya chai pale pale kwenye boti lililopinduliwa. Alibeba vikombe viwili, lakini wakitumia kimoja, wakipokezana, yeye akiongea na mumewe akiguna. Nilidhani kikombe cha pili ni cha mgeni. Baada ya miaka ndipo nikaelewa kwamba kilikuwa cha kuwaziba watu midomo.

Ndugu walimjia Baba mdogo zaidi ya mara moja, kwa upole ule wa kunong'ona, wakamshauri aoe mke mwingine apate mtoto. Mara ya mwisho nilikuwepo, nakoboa maharage. Akatoa misumari mdomoni. "Nyumba imejaa mpaka mimi nakosa pa kulala," akasema, "hao mnaoniongezea niwalaze darini?"

Kisha mwaka 2024. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na hilo. Samaki wamepungua na kila mtu wa Kibirizi analijua. Lakini mwenye boti alipumzika na akiba yake, na mama wa kupima kwa bakuli akapumzika na njaa yake. Mamdogo alikuwa na magunia machache ya dagaa wakavu stoo. Bei ikapanda. Wakamwambia asafirishe Dar. Badala yake akawapimia wale akina mama wenzake, kwa bei ya zamani, kwa mkopo, wapate cha kuuza. Nilimpigia kumwambia amekosea hesabu.

"Hesabu nimepiga, mwanangu. Wakiniishia na njaa, ziwa likifunguliwa nitagombana na nani?"

Kwenye mazishi ukasomwa wasifu. Mahali alipozaliwa, mwaka wa ndoa, ugonjwa. Halafu: "Marehemu hakubahatika kupata watoto. Ameacha mume." Msomaji akageuza ukurasa. Wakati wa kuweka mashada, mshereheshaji akaita mume, akaita ndugu wa kuzaliwa, akafika kwetu akasita. Wapwa? Mpwa ni wa mjomba. Mama mdogo hana mpwa, ana mtoto, Kiswahili kilishalimaliza hilo zamani. Mwisho akatuita pamoja na "jamaa na marafiki", baada ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tukaenda. Hakuna aliyesema kitu, nami nikiwemo, na ndiyo aibu ninayoiandikia hapa. Nilimlaumu afisa wa watu kwa fomu niliyoambiwa nijaze, na kaburini nikajaza fomu ile ile bila kuulizwa.

Ningetaka sheria iongeze neno moja tu, "mlezi". Na wanaoandika wasifu waache lile "hakubahatika". Waandike alilea nani na nani, kwa majina, hata kama karatasi itaongezeka.

Kabla sijaondoka Baba mdogo alinipa daftari la madeni la Mamdogo nilipitie. Karibu lote ni majina ya akina mama wa 2024, mengi yamekatwa kwa mstari, machache bado. Ukurasa wa mwanzo kabisa, kwa wino uliofifia, kuna langu: bakuli 2, kwa ajili ya kupeleka shuleni, atalipa akianza kazi. Nina miaka tisa kazini. Nikamwuliza Baba mdogo nimlipe yeye.

Akasema daftari si lake.