Chaja ya Mia Moja kwa Kinyozi

Mzee mmoja wa Chang'ombe, Dodoma, alinunua baiskeli ya umeme ya mtumba kutoka Japani akiamini ni pikipiki ndogo. Alifika kibandani kwangu akiisukuma, jasho linamtoka.

"Fundi, nitafutie walikoficha moto. Kwenye mpini hakuna."

Hakuna kweli. Baiskeli za umeme za Kijapani kwa kawaida haziuzwi na ekseleta. Mota imekaa chini, pale kwenye pedeli: inapima nguvu ya mguu wako na kuongeza ya kwake, na ukifika kilomita 24 kwa saa inakuacha upambane na hali yako.

"Mzee wangu, hii usipokanyaga haiendi."

"Sasa umeme nimenunua wa nini?"

Huhitaji kujua Kijapani kutambua ulicholetewa. Fuata tarakimu. Betri ya mzee iliandikwa Li-ion 25.2V; gawanya kwa 3.6, volti za seli moja ya lithiamu, unapata seli 7 zilizofuatana, na ikijaa itasoma volti 29.4. Za zamani zaidi utakuta Ni-MH 24V, yaani seli 20 za volti 1.2, na chaja ya huku haiingii kule. Mita ilinipa 22.8, kama 3.26 kwa kila seli. Ina njaa, haijafa. Ingekuwa chini ya 17.5 nisingeigusa, maana seli ya lithiamu iliyoshuka hivyo ukiilazimisha chaji inaweza kuwaka moto.

Shida ilikuwa kwenye chaja. Kibandiko kinasema AC 100V. Si 100–240V kama chaja za simu. Ni mia moja, nukta. Umeme wetu ni 230. Nikamwambia mzee asiichomeke popote mpaka nipate transfoma ya kushusha, kisha nikainamia tairi la nyuma kung'oa mbigiri, kwa sababu Dodoma hakuna baiskeli inayofika kwa fundi bila mbigiri.

Kumbe mzee ana adapta mfukoni. Adapta ile inabadilisha miguu ya plagi tu, miwili bapa inakuwa mitatu, volti haizigusi. Kaingia kwa kinyozi jirani, kasalimia kwa Kigogo "mbukwenyi" vizuri kabisa, kachomeka chaja.

PAA!

Saluni giza, moshi, harufu ya samaki aliyeoza. Mteja katoka mbio na shuka shingoni, nusu ya kichwa kipara, nusu kichaka. Kinyozi yeye kaamini LUKU imeisha. Kanunua umeme kwa simu, kabonyeza tarakimu zote 20, mita ikapokea, na giza likabaki palepale. Ilikuwa breka ya umeme imeshuka. Nilipoipandisha taa zikawaka, na nusu kichwa akaanza kudai anyolewe bure.

Sababu ya mlipuko ni hesabu tu: volti 230 zikishapita kwenye daiodi, zile zinazogeuza AC kuwa DC, zinafika kama 325, na kapasita kubwa ya ndani, ile inayohifadhi umeme, mwisho wake imeandikwa 200V.

Kabla ya kugusa kitu niliipima ile kapasita, maana inaweza kushika umeme hata plagi ikiwa nje. Inamalizwa kwa rezista ya kilo-om 10 hadi mita isome chini ya volti 5. Wanaoipiga bisibisi waache. Fyuzi ilikuwa nyeusi, kapasita imevimba kichwa, na varista, kile kidude bapa cha buluu kama peremende kinachokinga volti zikizidi, kimepasuka vipande viwili. Huyo ndiye aliyeokoa jahazi: alikufa kwanza akaenda na fyuzi; daiodi na transista zikapona. Nikabadilisha vyote vitatu kwa namba zilezile: kapasita 220µF 200V, varista ya namba ileile, fyuzi ya ampea zilezile. Uzi wa waya mahali pa fyuzi ni kutafuta msiba.

Transfoma nilichukua ya volti 230 kwenda 100, uwezo wa 300VA, zaidi ya mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye chaja. Kuwasha chaja mara ya kwanza nilipitishia umeme kwenye taa ya nyuzi ya wati 60: iking'aa ikabaki inang'aa, bado kuna shoti. Yetu ilimeta ikafifia. Na usishtuke mita ikisoma sifuri upande wa kutokea. Chaja nyingi za hivi hazitoi umeme mpaka zitambue betri.

Betri ikajaa. Mzee kapanda, mguu juu ya pedeli, ndipo akawasha. Sensa, ile inayopima nguvu ya mguu, inapowashwa ndipo inajipangia sifuri yake, kwa hiyo uzito wa mguu wake ikauhesabu kuwa sifuri. Baiskeli nzito kama gunia.

"Fundi, umeniwekea breki!"

"Zima. Miguu chini. Washa, subiri kidogo, ndiyo ukanyage."

Akakanyaga, ikamchomoa. Kanzu inapepea anawapigia watu kelele wapishe, kengele anayo hapo mkononi.

Kinyozi sasa kabandika karatasi juu ya soketi: SIMU TU.