Aiskrimu ya Haki Kwenye Matamasha: Tangazo Linamfaa Nani?

Msimu wa joto ukifika, matamasha hujaa vibanda vya aiskrimu, na siku hizi vingi vinajinadi kwa maneno kama "viungo vya haki" au "kakao yenye maadili". Wapo wanaoyashangilia wakiamini kwamba mlaji anaelimika na mkulima anapata chake. Wengine wanasema ni mbinu ya kuuza tu, biashara ni ile ile. Ninachokiona mimi ni kwamba pande zote mbili zinambishania mlaji, wakati tangazo lenyewe lina kazi kwa watu ambao hawatakanyaga kwenye tamasha hilo.

Nianze na wanaopinga, maana hoja yao ina uzito. Tamasha si mahali pa kumsomesha mtu. Foleni ni ndefu, jua linachoma, muziki unatikisa meza, mtoto anamvuta mzazi mkono. Muuzaji anapata nafasi ya kuuliza "koni au kikombe?" na kuchota, basi. Maelezo yote hubanwa yakawa maneno mawili ubaoni, na maneno mawili hayawezi kusema ni kiungo kipi, kimetoka kwa nani, wala nani amekikagua.

Halafu tazama kilichomo kikombeni. Aiskrimu ni maziwa, krimu na sukari, pamoja na hewa inayopigwa ndani wakati wa kugandisha. Katika aiskrimu ya bei nafuu hewa huweza kufika nusu ya ujazo wote. Vanila ni chembe tu. Kwa hiyo kibanda kinaweza kuisifia vanila yake kwa ukweli mtupu, na bado kikawa kimemnyamazia mkamuaji wa ng'ombe na mkata miwa. Fairtrade, mfumo wa kimataifa unaothibitisha bidhaa zilizonunuliwa kwa masharti ya haki kwa wakulima, wenyewe wanatofautisha: ipo nembo ya bidhaa, na ipo nyingine yenye usuli mweupe inayohusu kiungo kimoja tu kilichotajwa. Kwenye bango la tamasha tofauti hiyo hupotea. Tena, kwa kakao na sukari, kanuni zao zinaruhusu mzigo wenye ithibati uchanganywe kiwandani na usio nayo, ili mradi kiasi kinachouzwa kwa nembo kisizidi kile kilichonunuliwa. Hilo silioni kuwa udanganyifu, kwa sababu malipo ya ziada yanawafikia wakulima vilevile. Lakini anayeandika kwamba kakao iliyomo humu ndani ilivunwa na ushirika fulani anasema jambo asiloweza kulithibitisha.

Hata hivyo, chembe ile ya vanila ni maisha ya mtu. Sehemu kubwa ya vanila asilia duniani inatoka Madagaska. Ua lake hufunguka siku moja tu, na huko hakuna mdudu wa kutegemewa kulichavusha. Mkulima hupita mmea kwa mmea akiwa na kijiti chembamba, anainua kile kingozi kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha anazibana pamoja kwa kidole gumba. Mbinu hii iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Baada ya hapo ni kungoja miezi tisa hivi, na wizi ni mwingi kiasi kwamba wakulima huchoma alama zao kwa pini juu ya maganda yakiwa bado mabichi. Mwaka 2018 kilo moja ilikaribia dola 600, kisha bei ikaporomoka vibaya. Na mche mpya huchukua miaka kama mitatu kabla ya kutoa maua! Mtu wa namna hiyo hasaidiwi na bango la siku tatu, isipokuwa nyuma yake pawe na mkataba wa miaka kadhaa wenye bei isiyoshuka chini ya kiwango walichokubaliana.

Wako pia wanaosema tuache watu wale kwa raha, mambo ya mashambani yajadiliwe kwingine. Hao siwezi kukubaliana nao. Utafiti wa NORC, taasisi ya utafiti ya University of Chicago, uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria watoto milioni 1.56 katika ajira ya watoto kwenye kilimo cha kakao nchini Ivory Coast na Ghana. Ukimya haujawahi kuwasaidia.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Ben & Jerry's. Kampuni hiyo ya aiskrimu ya Vermont, Marekani, ilianza kutumia viungo vya Fairtrade mwaka 2005, na ikajijengea jina kwa kupigania haki. Lakini wafanyakazi wahamiaji waliokuwa wakikamua ng'ombe wa maziwa yake walilalamikia saa nyingi za kazi, ujira mdogo na makazi duni. Kupitia chama chao, Migrant Justice, waliishika kampuni kwa maneno yake yenyewe, wakaandamana hadi kiwandani, na Oktoba 2017 ikasaini mpango wa Milk with Dignity, yaani "maziwa yenye utu". Mashamba yaliyojiunga yanalipwa zaidi, yanafuata kanuni za kazi, na mfanyakazi ana namba ya simu ya kupiga saa yoyote. Kampuni isiyojitangaza kwa haki ingewezaje kubanwa namna ile? Sifa zake zilikuwa zimegeuka ahadi mbele ya umma.

Ndiyo maana naunga mkono matangazo haya, kwa sharti kwamba yaandikwe kwa namna inayoweza kudaiwa. "Kakao yetu yote inanunuliwa kwa masharti ya Fairtrade; maziwa bado hayana mkaguzi huru" ni sentensi moja, inaenea ubaoni, na mkamuaji akiisoma anajua pa kuanzia. "Aiskrimu yenye maadili" haimpi mtu pa kushika. Bei ya koni ikipanda kidogo, mteja naye anajua analipia nini. Waandaaji wa matamasha, ambao tayari hudai vibanda vya chakula vyeti vya usafi kabla ya kuvigawia nafasi, wadai na karatasi za manunuzi kwa kila kibanda kinachotaka kuandika neno "haki" kwenye bango lake.